Mpaka Uliotembea

Jumatatu, 3 Machi

Naliomba radhi daftari hili. Mara ya mwisho niliandika siku tuliyomzika kaka yangu, mwaka juzi, na tangu hapo nimekuwa nikilipita pale kwenye rafu kama mtu anayempita jirani aliyenuniana naye. Sina udhuru. Mke wangu, aliyelinunua nilipostaafu ili, kwa maneno yake, nipate mwingine wa kumsahihisha, amelifuta vumbi asubuhi hii na kulitia katika mkoba wangu pamoja na sweta na dawa za presha.

Nimeitwa tena kazini. Mvua zimewahi, mto umepanda kabla ya wakati wake, na imeamuliwa kwamba uokoaji katika bonde lote uwe operesheni ya pamoja: kamandi ya nchi kavu, kamandi ya wanamaji na kamandi ya anga, zote chini ya amri ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Brigedia, ambaye nilisoma naye. Anataka mshauri asiye na kamandi.

"Wewe umestaafu, Mwalimu," aliniambia kwenye simu. "Huna upande."

Wananiita Mwalimu kwa sababu kwa miaka mingi niliwafundisha maafisa chuoni namna ya kuandika amri. Mke wangu hakupendezwa. "Wenzako wanacheza na wajukuu, wewe unakwenda kucheza jeshi." Nilimweleza kwamba ni ushauri tu. "Haya, nenda kashauri. Soksi zikilowa usinipigie simu."

Jumatano, 5 Machi

Makao makuu yetu ni kiwanda cha kuchambulia pamba kilichofungwa zamani. Mashine zimekwisha ng'olewa. Zimebaki misingi ya saruji, mizani kubwa ya marobota na vumbi jeupe juu ya boriti, ambalo hudondoka kidogo kidogo mvua ikipiga bati. Ramani imetandazwa juu ya meza ya kupangia pamba. Kila kamandi imekuja na meza yake, redio yake na birika lake la chai. Redio hazisikilizani: ya wanamaji haipati malori, ya malori haipati helikopta. Ujumbe wowote lazima upite humu, uandikwe katika karatasi, ubebwe kutoka meza hadi meza. Mabirika nayo hayasikilizani. Nilimimina chai kutoka birika lililokuwa karibu nami, na sajini wa nchi kavu akanitazama kana kwamba nimeingia chumbani kwake bila kubisha hodi.

Mwakilishi wa anga, ambaye wote humu humwita Rubani ingawa sasa haruki, alicheka. "Zoea, Mwalimu. Hapa ni nyumba ya wake watatu."

Alhamisi, 6 Machi

Mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Leo Brigedia ametoa amri yake ya kwanza. Naibu wake ni kanali wa nchi kavu ambaye maafisa humwita Rula kwa sababu mistari yake yote imenyooka. Nilimfundisha. Baba yake alipofariki ni mimi niliyekwenda kumposea mke, na hadi leo tukiwa peke yetu huniita Baba. Yeye ndiye aliyeiandaa amri hiyo, nami naiandika hapa kwa sababu niliipenda:

Nchi kavu yote ni ya Kanali. Maji yote ni ya wanamaji. Mpaka kati yao ni ukingo wa maji, kama unavyochorwa kwenye ramani kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna anayevuka mpaka bila idhini ya Brigedia, au ya Kanali Brigedia asipokuwapo.

Sababu yake ni njema. Katika mafuriko yaliyopita kila mmoja alikwenda alikotaka, na upepo wa helikopta ulipindua boti iliyojaa watoto. Mpaka huzuia watu wema wasiuane.

Mkuu wa kikosi cha boti, meja mmoja mwanamke anayeitwa Kasia, alifika amechelewa, viatu vimejaa tope, akakanyaga sakafu iliyofagiliwa. Taarifa yake aliiandika kwa penseli. Nilimwambia penseli ni ya mafundi seremala.

"Wino unayeyuka mvuani, Mwalimu," alisema, akageukia ramani. "Na huu ukingo ukihama mchana?"

"Ukihama utauona kwenye ramani kesho asubuhi," Rula alimjibu.

"Mimi nitauona palepale. Swali ni wewe utauona lini."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Afisa hamjibu naibu kamanda namna hiyo mbele ya masajini.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshinda nasikiliza ugomvi wa helikopta. Ziko tatu. Nchi kavu wanataka moja iwe yao, wanamaji wanataka nyingine, na anga wanasema helikopta haigawanywi kama muwa. Rubani alikaa kimya hadi mwisho. "Tangu nipewe helikopta," alisema, "nimegundua kwamba kila mtu humu ni shemeji yangu."

Brigedia alikata shauri kwa kanuni tuliyofundishwa sote: kila siku atatajwa mmoja wa kusaidiwa, na wengine wawili watakuwa wa kumsaidia. Leo nchi kavu wanasaidiwa. Wanamaji walitoka, wakaenda kunywa chai ya birika lao.

Jumamosi, 15 Machi

Mgongo. Kiti cha mhasibu wa pamba hakikutengenezwa kwa ajili ya kukaliwa na binadamu.

Jumanne, 18 Machi

Brigedia alinituma gatini niwahimize wanamaji wafupishe taarifa zao. Gati lenyewe ni mteremko wa barabara ulioingia majini. Nilimkuta Kasia amechuchumaa ukingoni, anapigilia kijiti cha mwanzi ardhini kwa jiwe. Nyuma yake ndani ya maji vilikuwapo vijiti vingine, safu moja, vingine ncha tu ndizo zinaonekana.

"Unafanya nini, Meja?"

"Natafuta nchi yangu inaishia wapi." Alisimama na kujifuta mikono kwenye suruali. "Kile pale ni cha jana jioni. Kile cha asubuhi. Mpaka wangu unatembea, Mwalimu. Jana nililala nikiwa na daraja na shamba la mahindi. Leo nimeamka nimerithi shule na makaburi. Kanali hajui kwamba amenirithisha."

"Kwenye ramani ya leo shule ni ya nchi kavu."

"Ndiyo. Kwa hiyo sasa hivi ipo shule iliyojaa maji ambayo siruhusiwi kuingia kwa sababu si maji."

Nilimwambia taarifa zake ni ndefu. Akasema atajitahidi. Nilirudi nimelowa soksi zote mbili na sikumpigia mtu simu.

Jumatano, 19 Machi

Nilimweleza Rula habari ya vijiti. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyonisikiliza siku zote.

"Baba, nikichora mpaka upya kila saa, malori yangu yatajuaje yasimame wapi? Dereva aliyeko barabarani hana ramani ya saa hii, ana ya asubuhi. Wewe ndiye uliyetufundisha: amri mbaya inayojulikana na wote ni bora kuliko amri nzuri anayoijua mmoja."

Ni kweli nilifundisha hivyo. Bado naona ni kweli. Nikaenda kulala.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua mfululizo. Bati linapiga kelele hata tunazungumza kama viziwi. Redio ya wanamaji iliomba idhini ya kuvuka mara mbili leo. Mara zote mbili Brigedia aliitoa, ila karatasi ilichukua muda kutoka meza hadi meza, na walipovuka walikuta watu wamekwisha jiondokea wenyewe, na ng'ombe wao, maji yakiwafika shingoni. Hakuna aliyedhurika. Mambo yasiyodhuru mtu huwa hayasahihishwi.

Jumapili, 30 Machi

Mke wangu amepiga simu. Paa la jikoni linavuja. Nilimwambia aweke ndoo. "Ndoo niliweka wiki iliyopita," alisema. "Nilikuwa nakupa habari, sikuwa naomba ushauri."

Jumatano, 2 Aprili

Ninaandika haya kabla sijasahau mfuatano wake, maana najua nitaulizwa.

Brigedia aliondoka asubuhi kwa helikopta kwenda kutoa taarifa kwa wakubwa. Helikopta ya pili ilikuwa mbali juu ya bonde ikibeba wagonjwa. Ya tatu ilikuwa imefunguliwa injini. Kwa hiyo amri ilikuwa mikononi mwa Rula, na jicho la juu hatukuwa nalo.

Karibu na adhuhuri tuta la kuzuia mto, juu ya mtaa wa wafinyanzi, lilipasuka. Mtaa huo uko bondeni kwa sababu udongo mzuri uko bondeni: nyumba zilizobanana, na katikati yake matanuri makubwa ya matofali mabichi yanayongoja kuchomwa. Kwenye ramani ya asubuhi ulikuwa nchi kavu.

Sauti ya Kasia ilitoka katika redio ya wanamaji. "Mtaa wa wafinyanzi una maji ya kiuno na yanapanda. Watu wanapanda juu ya matanuri. Niko karibu nao kuliko mtu yeyote. Naomba kuvuka."

Rula alikwenda mwenyewe kwenye redio. "Malori yangu yako njiani. Subiri."

"Malori yako njia gani? Njia iko chini ya maji."

"Meja, malori yako njiani. Sitaki boti na malori mahali pamoja bila kupangwa. Subiri niwasiliane nayo."

Aliandika karatasi kwa meza ya nchi kavu. Redio yao ilikuwa inakoroma. Kamanda wa malori alijibu vipande vipande. Nilisimama kando ya ramani. Rula hakuwa na woga wala hakuwa na kiburi. Alikuwa anafanya kila kitu kwa mpangilio, sawasawa na tulivyomfundisha.

Kasia aliita tena. Rula akasema asubiri. Akaita mara ya tatu: "Kanali, unanikatalia au unaniambia nisubiri?"

"Nakwambia subiri."

Kasia akasema, bila hasira, kama mtu aliyechoka: "Basi mimi navuka. Iandikwe kwamba nimevuka mimi."

Wakati uleule kwenye meza ya nchi kavu ujumbe ulikuwa umepatikana: lori la kwanza limezama katika kona ya kiwanja cha matofali, wanajeshi wametoka salama, lori limeachwa, kichwa chake kiko chini ya maji. Sajini aliandika kwa mwandiko safi. Akasimama, akazunguka meza ya ramani, akaiweka karatasi kwenye meza ya wanamaji. Mwanamaji aliisoma na kuanza kuita boti. Boti zilikuwa zimekwisha ingia katika kona ile.

Boti ya pili iligonga paa la lori. Wanne walitupwa majini, watatu wakapatikana. Wa nne alikuwa baharia wa injini. Walimpata jioni, amenaswa kwenye turubai la lori letu wenyewe.

Boti zilizobaki ziliendelea. Hadi magharibi watu wote waliokuwa juu ya matanuri walikuwa wameshushwa, na hesabu ya wafinyanzi haikupungua mtu hata mmoja.

Kasia aliingia chumbani giza likianza. Sajini wa nchi kavu alimimina chai kutoka birika la nchi kavu, akamwekea mbele yake. Hakuinywa.

Alhamisi, 3 Aprili

Brigedia amerudi. Amemwondoa Kasia katika ukuu wa kikosi hadi uchunguzi ufanyike. Nilimwambia amefanya sawa. Nililisema hilo kwa moyo wangu wote, na naliandika hapa kwa sababu nilikusudia kulisema.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua imepungua. Tope limebaki.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo alikuja baba yake baharia. Ni fundi viatu. Alikuja na kofia mkononi, amevaa koti lililopigwa pasi hata mikunjo ilionekana. Alitaka kujua jambo moja: nani aliyemtuma mwanawe pale.

Rula alimpokea vizuri, akamketisha. Alimwambia kwamba kijana alikuwa katika operesheni ya pamoja, kwamba kamandi inasikitika, kwamba uchunguzi unaendelea. Mzee alisikiliza.

"Samahani, mwanangu. Nauliza aliyemtuma."

"Mzee, katika operesheni kama hii uamuzi hupita ngazi nyingi."

"Ngazi ninazijua. Nauliza mtu."

Rula alinitazama mimi, nami nikatazama ramani. Kasia, ambaye siku hizi anakaa tu kwenye kona ya mizani akisubiri kuitwa, alinyanyuka na kuja kusimama mbele ya yule mzee.

"Ni mimi, baba. Mimi ndiye niliyesema twende. Wakubwa walikuwa wameniambia nisubiri."

Mzee aliinua macho. "Alikuwa na woga?"

"Alikuwa anaimba. Alikuwa na tabia hiyo, akiimba injini ikigoma. Tulimwambia anaiogopesha injini."

"Nyumbani vilevile," mzee alisema. "Alikuwa anaharibu nyimbo." Aliigeuza kofia yake. "Nimeuliza tangu getini hadi hapa. Wote wameniambia kamandi, kamandi. Nikajiuliza, huyu Kamandi ni nani, mbona hana uso." Akavaa kofia. "Siwezi kukusamehe leo, mama. Usinielewe vibaya. Lakini nakushukuru, nimejua wa kumsamehe ni nani siku nikiweza."

Alipotoka Rubani alisema kwa sauti ndogo, "Humu ndani tuko maafisa wangapi?" Hakuwa anatania.

Jumatatu, 14 Aprili

Brigedia ameniteua kuongoza bodi ya uchunguzi, pamoja na afisa mmoja wa anga na mmoja wa nchi kavu. Swali tulilopewa ni moja: je, Meja alivuka mpaka bila idhini? Jibu linajulikana. Akipatikana na hatia ataachishwa jeshi. Ana mama mgonjwa na wadogo zake wawili anaowasomesha. Rubani ndiye aliyeniambia, nami nilimwambia hilo si la bodi.

Jumatano, 16 Aprili

Tumemhoji Rula. Kila jibu lake limenyooka. Hakusema uongo hata mara moja.

Alhamisi, 17 Aprili

Tumemhoji Kasia. Nilimuuliza kwa nini hakungoja angalau ujumbe kutoka kwa malori.

"Kama ningejua lori limezama pale, ningepita upande wa juu, na kijana angekuwa hai. Hilo naliota kila siku, Mwalimu, huna haja ya kuniuliza. Lakini kungoja nilikwisha ngoja. Niliomba mara tatu."

"Kanuni haisemi mara ngapi."

"Haisemi. Ndiyo maana nilisema iandikwe mimi."

Jumanne, 22 Aprili

Maji yameshuka kiasi cha kuweza kufika kwa miguu, kwa hiyo nilitaka bodi iende mtaa wa wafinyanzi. Wenzangu walisema hakuna haja. Nilikwenda na Kasia kunionyesha njia, nikiwa na fimbo na buti za kuazima.

Nilitarajia kuona matanuri. Tuliona vilima vya tope. Mwanamke mmoja mfinyanzi, mwenye mikono mipana kama ya mwashi, alikuwa anachokoa kilima kimoja akitafuta matofali yaliyobaki mazima.

"Hili ndilo tanuri mlilokuwa juu yake, bibi?" nilimuuliza.

"Ndilo hili. Tulikuwa juu, na mama mkwe wangu, na mbuzi. Mbuzi alikataa kupanda boti, akawa wa mwisho."

"Lilianguka lini?"

"Sisi tukiwa bado tunavushwa. Tumefika pale kwenye barabara, tukageuka, likaketi." Alionyesha kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemketisha mtoto. "Tofali bichi ni udongo, mzee wangu. Lisipopata moto linarudi lilikotoka. Sisi tulijua. Tulipanda kwa sababu hapakuwa na pengine pa kupanda."

Nilimgeukia Kasia. "Uliyajua haya siku ile?"

"Sikuyajua. Mimi niliona watu wamesimama juu ya udongo na maji yakipiga. Sikuhitaji kujua zaidi."

Lori lilikuwa bado pale kwenye kona, limekaa upande. Kando yake kulikuwa na kijiti cha mwanzi. Nilidhani ni cha Kasia. Akasema hapana, si cha mpaka. Waliopata mwili ndio waliokiweka.

Tulirudi kwa miguu. Njiani nilichoka, akanishika mkono pasipo kuniuliza, kama binti anavyomshika baba yake, nami nikamwachia mkono.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku mbili hizi nimekaa na ramani za asubuhi zote. Ya tarehe mbili inaonyesha mtaa wa wafinyanzi ni mkavu, na mstari umenyooka vizuri kabisa. Nilipokuwa kijana ningetoa maksi zote kwa mstari ule. Meja alipovuka, ule mstari haukuwapo popote duniani isipokuwa juu ya meza ya pamba. Sisi watu wazima tulikuwa tumesimama kuuzunguka, tunaulinda.

Lakini lori nalo lilikuwapo. Kijana alikufa kwa kitu kilekile ambacho mpaka uliwekwa kukizuia. Siwezi kulifuta hilo kwa sababu nimempenda anayeshtakiwa. Mpaka tulihitaji. Hatukuwa na wa kuusogeza, wala redio moja ya kumwambia dereva na baharia kwa pamoja kwamba umesogea.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeandika taarifa ya bodi. Kiini chake ni hiki: Meja alivuka mpaka bila idhini. Mpaka huo ulikuwa umekwisha hama, na makao makuu hayakuwa na njia ya kujua. Afisa wa anga amesaini. Afisa wa nchi kavu alikaa na kalamu muda mrefu. "Naibu kamanda ni wa kamandi yangu," alisema. Nikamwambia ajue kwamba naibu kamanda ni mwanangu. Akasaini.

Jumatano, 30 Aprili

Brigedia aliniita. Alikuwa ameketi kwenye mizani ya marobota, sehemu pekee yenye upepo.

"Sentensi ya kwanza nzuri," alisema. "Ya pili iondoe."

"Kwa nini?"

"Unaelewa kwa nini. Wakubwa wanaamua mwezi huu kama kamandi ya pamoja itabaki ya kudumu, na Kanali ndiye atakayepewa. Sentensi moja, Mwalimu. Nimekuomba siku zote mambo madogo tu."

"Nikiiondoa, ya kwanza itasema kweli nusu."

"Umechoka. Sote tumechoka. Binti atapata kazi nyingine, mjanja yule. Ukiiacha, utamvunja kijana uliyemlea mwenyewe, na mafuriko yajayo kila kamandi itakwenda kivyake tena. Boti itapinduka tena. Hilo ndilo unalolitaka?"

Hoja yake si ya kipuuzi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tumelisema hilo tangu tukiwa makuruta, na ni kweli. Nilimwambia kwamba nahodha akiwa mmoja ndipo inapompasa ajue maji yalipo. Akashuka kutoka kwenye mizani, na mshale ukarudi sifuri.

"Basi ipeleke ilivyo," alisema. "Nami nitaandika barua yangu ya kupinga."

Jumapili, 4 Mei

Nimerudi nyumbani. Mke wangu alinipokea mkoba, akatazama viatu. "Hizi ndizo soksi nilizokupa?" Paa la jikoni limezibwa, alimwita fundi siku ileile aliyonipigia simu.

Ijumaa, 9 Mei

Rula amekuja. Alimsalimia mke wangu, akamuuliza hali ya miguu, akaketi kiti kile anachokalia siku zote. Mke wangu alileta chai akatuacha.

"Baba, umeniandika."

"Nimeandika mpaka."

"Mpaka niliuchora mimi."

"Nami niliusifu. Nimeandika hilo pia, ukurasa wa tatu."

"Nimesoma." Alizungusha kikombe. "Siku ile, kama angenitii, kijana wa boti asingekufa."

"Kweli."

"Na wale wa juu ya tanuri?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amekwenda mwenyewe kuyaona matanuri, juzi, peke yake, bila dereva. Aliniambia hivyo akitazama dirishani. Yule mwanamke mfinyanzi hakumtambua, akamkabidhi jembe amsaidie kuchokoa. Alichokoa hadi mchana.

"Nikiitwa na wakubwa niseme nini?" aliuliza.

"Sema ulichofanya. Anza na neno mimi."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Chuoni ulikuwa unalikata hilo neno. Afisa hajitaji, ulisema."

"Nilisema mengi."

Aliaga. Mlangoni alimpa mke wangu mikono miwili, kama mtoto wa nyumba, kisha akasimama. "Nimemwomba Brigedia aiondoe ile barua ya kupinga. Hajakubali." Akaenda zake. Gari lake lilikaa getini muda kabla halijawaka.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua zimekwisha. Kiwanda cha pamba kimefungwa tena. Rubani amenipigia simu kunieleza kwamba walipokuwa wakibeba vyombo hakuna aliyejua birika lipi ni la kamandi ipi, wakayapakia yote matatu katika sanduku moja, na sasa sanduku liko kwenye ghala na haliombwi na mtu.

Kasia naye alipiga. Anaishi kwa mama yake akisubiri. Nilimuuliza kama ana neno la kuongeza katika taarifa, maana bado inawezekana. Alisema hana. Alisema tu kwamba vijiti vyote amekwenda kuving'oa gatini, watoto wasijichome, isipokuwa kile cha kwenye kona ya matofali. Fundi viatu alimkuta pale Jumapili. Walisalimiana. Mzee alikuwa amekuja na nyundo, akakipigilia zaidi, kwa sababu udongo ukikauka hulegea.

Taarifa iko mezani kwa wakubwa, ikiwa na barua ya kuipinga na, kuanzia jana, barua nyingine ya Kanali ambayo sijaisoma. Wanaweza kumwachisha Meja, wanaweza kumrudisha. Wanaweza kumpa Rula kamandi au kumnyima. Sina tena la kufanya, na uchovu wangu nao ni kama udongo ule, umelegea kila mahali. Lakini kurasa nilizoziacha tupu baada ya msiba wa kaka yangu zinanitazama. Uamuzi ukitoka, uwe wowote, nitakaa hapa siku hiyohiyo na kuandika nani aliyeuamua. Sitaandika kamandi.